Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuinstoli na kuendesha seva ya WildFly

Niko Mwanga, hapa Kigoma, kazi yangu ni kusimamia mfumo wa saccos moja wenye wanachama wavuvi wa Kibirizi, wauza mawese, walimu na watu wa dukani. Mfumo umeandikwa kwa Java na unakaa juu ya WildFly, ambayo ni seva ya programu. Tangu nianze kuwasaidia wenzangu wa Kasulu na Tabora wenye mifumo kama huu nimekuwa nikijibu maswali yale yale kwenye simu, kwa hiyo nimeyaweka hapa yote pamoja. Mengi ni ya WildFly kwa sababu ndiyo ninayoishika kila siku, ila ukiwa na Payara au GlassFish, ambazo ni seva nyingine za namna hiyo, mambo hayapishani sana.

Seva ya programu ndiyo ile kompyuta yenyewe au?

Hapana, hapa ndipo watu wengi wanachanganya. Kompyuta ni mashine, ile yenye diski na feni. Seva ya programu ni programu inayokaa ndani ya hiyo mashine na kuupokea mfumo wako, faili la .war au .ear, halafu inaupa vitu ambavyo developa hatakiwi kuviandika upya kila mara: kupokea maombi kutoka kwenye brauza, kutunza koneksheni za databesi, kukagua nani ameingia na ana ruhusa gani, kazi za kujiendesha zenyewe usiku, na miamala. Hiyo miamala kwangu mimi ndiyo sababu kubwa. Mwanachama akipewa mkopo, deni linatakiwa liandikwe kwake na salio la chama lipungue, vyote viwili au kisifanyike hata kimoja, sasa umeme ukikatika katikati seva inajua kwamba kile hakikukamilika na inakirudisha nyuma. Kwenye hela za watu hicho si kitu cha kupuuza.

Kwa nini nisitumie Tomcat tu, naona ni nyepesi?

Tumia, kama mfumo wako hauhitaji zaidi. Tomcat inabeba mambo ya kurasa za wavuti, yaani servlet, JSP na WebSocket, lakini EJB (vipande vya kazi za ndani za mfumo), JMS (kupeana ujumbe kati ya mifumo) na usimamizi wa miamala ya JTA haiji navyo. Kama developa wako ameandika kwa Spring Boot basi mara nyingi Tomcat tayari imo ndani ya lile faili la .jar na huna haja ya kuhangaika na WildFly hata kidogo. Muulize kwanza aliyeandika, usiinstoli kitu kikubwa kwa sababu umesikia ndicho cha kienterprise.

Java EE na Jakarta EE ni vitu viwili tofauti? Mfumo wangu wa zamani unakataa kuwaka kwenye WildFly mpya.

Ni kitu kimoja kilichobadilishwa jina. Kilianza kama J2EE mwaka 1999, kikaja kuitwa Java EE, halafu mwaka 2017 Oracle wakatangaza kukikabidhi kwa Eclipse Foundation, na kwa kuwa jina la Java ni alama ya biashara ya Oracle wakaita Jakarta EE. Kwa mtumiaji haikuuma mpaka Jakarta EE 9 ya mwaka 2020, hapo ndipo majina ya ndani yalipobadilika kutoka javax kwenda jakarta. Yaani mfumo ulioandikwa javax.servlet ukiuweka kwenye seva inayojua jakarta.servlet tu, seva haiitambui hata ile darasa ya kwanza na utaona ClassNotFoundException au NoClassDefFoundError imejaa kwenye logi.

Shika hivi: WildFly 26 kurudi nyuma ni javax, 27 kwenda mbele ni jakarta. Payara 5 javax, Payara 6 jakarta. Tomcat 9 javax, Tomcat 10 jakarta. Kama huna koodi ya mfumo, kuna chombo kinaitwa Eclipse Transformer kinaweza kulibadilisha lile faili la .war lenyewe, nimeona kinafanya kazi ila pima kila ukurasa kabla hujaamini. Na kama unabadilisha koodi kwa mkono usije ukafuta kila javax unayoiona, maana javax.sql na javax.naming ni za Java yenyewe na zinabaki hivyo hivyo. Kijana mmoja alibadilisha zote kwa mkupuo akakaa siku nzima anatafuta kosa.

Nahitaji mashine ya namna gani?

Kwa ofisi ya watu kumi hadi ishirini, ramu ya GB 8 inatosha ukiwa na databesi ya PostgreSQL humo humo. GB 4 inawaka lakini utaishi kwa wasiwasi. Diski iwe SSD. Ubuntu Server inatosha, huhitaji ile yenye desktop. Java 17 au 21, zote ni matoleo ya kudumu muda mrefu. Na UPS, hiyo usijadiliane na bosi, ununuliwe UPS kabla ya kiti cha kuzunguka.

Faili la WildFly ni kubwa, kwa bando zetu linaweza kukatikia njiani. Tumia wget -c, likikatika unarudia komandi ile ile na linaendelea pale lilipoishia. Likishashuka linganisha sha1 yake, ile namba ndefu ya kuhakiki faili, na ile iliyoandikwa pale ulipolipakulia, maana zip iliyopungua kidogo inaleta makosa ya ajabu ambayo hutayaelewa.

Naiwashaje mara ya kwanza?

Instoli Java kwanza, apt install openjdk-17-jdk-headless. Tengeneza yuza wake peke yake, mimi namwita wildfly, usiiendeshe kama root, yule yuza mwenye ruhusa zote, hata siku moja, maana mtu akipata tundu kwenye mfumo wako atakuwa root pia. Fungua zip ndani ya /opt, halafu tengeneza kiungo cha ln -s kinachoitwa /opt/wildfly kielekee kwenye folda yenye namba ya toleo, faida yake utaiona siku ya kuapdeti. Mpe yule yuza umiliki kwa chown -R. Kisha bin/add-user.sh kutengeneza mtu wa usimamizi, na bin/standalone.sh kuwasha.

Angalia mistari inayoshuka. Ukiona WFLYSRV0025 imewaka salama. Ukiona WFLYSRV0026 imewaka ila kuna kitu ndani kimeshindwa, watu wengi wanaona neno started wanafurahi wanafunga terminali, kumbe mfumo wenyewe haumo. Rudi juu utafute neno ERROR la kwanza.

Ikikubali, iweke kwenye systemd, kile kinachowasha huduma za Linux, ili iwake yenyewe mashine ikiwaka. Mfano wa faili unakuja ndani ya ile folda ya WildFly, kwenye matoleo mengi upo docs/contrib/scripts/systemd.

Kwenye mashine yenyewe inafunguka, kwa dada wa kaunta haifunguki. Tatizo ni ruta?

Karibu kila mara si ruta. WildFly ikiwaka inasikiliza 127.0.0.1 tu, yaani inajisikia yenyewe. Iwashe na -b 0.0.0.0 au na IP ya mashine kwenye mtandao wa ofisi, na kwenye fayawoli ruhusu poti 8080. Basi.

Ila poti 9990, ya usimamizi, iache hapo hapo ndani. Payara na GlassFish ya kwao ni 4848. Nimeona watu wanaifungua kwa dunia nzima ili wasimamie wakiwa nyumbani, jamani msifanye hivyo. Mwaka 2016 wahalifu wa SamSam waliingia kwenye hospitali za Marekani kupitia seva za JBoss zilizokuwa hazijaapdetiwa, wakafunga mafaili kwa funguo zao na kudai hela, na JBoss ndiyo hiyo hiyo WildFly kabla haijabadilishwa jina. Ukitaka kusimamia ukiwa mbali tumia ssh -L 9990:localhost:9990 halafu unafungua kwenye laptopu yako kama vile uko ofisini.

Databesi naiunganishaje?

Weka draiva kwanza, lile faili la .jar la PostgreSQL, unaweza kulitupia kwenye standalone/deployments kama unavyotupia mfumo, au ukalifanya moduli, mimi napenda moduli kwa sababu jina lake halibadiliki ukibadilisha toleo. Kisha ingia bin/jboss-cli.sh --connect na uandike:

data-source add --name=AkibaDS --jndi-name=java:jboss/datasources/AkibaDS --driver-name=postgresql --connection-url=jdbc:postgresql://localhost:5432/akiba --user-name=akiba --password=pasiwedi_yako --min-pool-size=5 --max-pool-size=20

Halafu pima: /subsystem=datasources/data-source=AkibaDS:test-connection-in-pool. Ikijibu success endelea.

Sasa sikiliza hili vizuri. WildFly inakuja na databesi yake ya mfano inayoitwa ExampleDS, ni H2, na inakaa kwenye memori tu. Mwaka wangu wa kwanza nilipokea mfumo kwenye ofisi moja, unafanya kazi vizuri, wameshaingiza wanachama kwa siku nne, daftari zipo mezani wanazipiga tiki moja moja. Siku ya tano umeme ukakatika, ukarudi, seva ikawaka bila kosa lolote, na orodha ya wanachama ikawa tupu. Mfumo ulikuwa umeelekezwa ExampleDS na hakuna aliyegundua, mimi pia sikukagua. Mama mhasibu alifungua daftari la kwanza akaanza upya bila kusema neno. Tangu siku ile kitu cha kwanza ninachofanya nikipewa seva ya mtu ni kufungua standalone.xml na kutafuta neno h2:mem.

Mfumo unaganda saa nne asubuhi, tukiristati unapona, kesho yake tena. Ni virusi?

Hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Fungua standalone/log/server.log utafute IJ000453 au IJ000655. Ukizikuta maana yake koneksheni za databesi zimekwisha. Fikiria kisima chenye ndoo 20, hiyo ndiyo max-pool-size ya kawaida. Kila mtu anachota na kurudisha, kwa hiyo ndoo 20 zinaweza kuhudumia mtaa mzima. Lakini akiwepo mmoja anayechota na kuondoka na ndoo, kidogo kidogo zinakwisha, na wanaofuata wanasimama wanasubiri, seva inawasubirisha sekunde 30 kisha inawaambia hakuna. Kwa mtumiaji inaonekana kama mfumo umeganda. Ukiristati ndoo zote zinarudi, ndiyo maana inapona, na ndiyo maana kesho inarudia.

Kwetu ilikuwa inafuata mwezi wa angani. Wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kali wanapumzika, na siku hizo za kupumzika ndizo wanazokuja ofisini kulipa marejesho na kuomba mikopo mipya. Tukawa tunaona mfumo unakufa siku kadhaa, unapona wiki mbili, unakufa tena, na kila mtu ana nadharia yake, mara intaneti, mara joto. Nikaanza kuandika kila saa koneksheni ngapi ziko nje, unaiona kwenye takwimu za datasource, yaani ule muunganisho wa databesi uliotengeneza, pale InUseCount baada ya kuwasha statistics-enabled, nikakuta namba inapanda haishuki hata wakati wa chakula cha mchana ambapo kaunta imefungwa. Ofisi tupu na koneksheni 17 ziko nje. Hapo unajua kuna anayeondoka na ndoo.

Ilikuwa ripoti moja tu, ya wadaiwa waliochelewa. Koodi yake ilifungua koneksheni, na ikikutana na mwanachama asiye na namba ya simu inatupa kosa na kuruka ule mstari wa kufunga. Tulipoiandika kwa try-with-resources, ambayo inafunga hata kosa likitokea, tatizo likaisha kabisa.

Watu wanakimbilia kuongeza max-pool-size iwe 200. Usifanye, utakuwa unaahirisha tu, na PostgreSQL yenyewe kwa kawaida inakubali koneksheni 100 kwa jumla, ukizidi inakataa koneksheni mpya na sasa hata wewe mwenyewe ukiwa yuza wa kawaida huwezi kuingia kwa psql kuangalia kulikoni.

Databesi ikiristatiwa peke yake mfumo unatoa makosa mpaka niristati na WildFly. Kawaida?

Kawaida ila inarekebishika. Seva inashika koneksheni za zamani ambazo upande wa pili zimeshakufa. Kwenye datasource washa validate-on-match na uweke kikaguzi cha PostgreSQL, darasa ni org.jboss.jca.adapters.jdbc.extensions.postgres.PostgreSQLValidConnectionChecker. Itakagua kila koneksheni kabla ya kuitoa na kutupa iliyokufa.

OutOfMemoryError, nina ramu GB 8, imekwendaje?

WildFly haijali una ramu kiasi gani, inafuata ilichoandikiwa kwenye bin/standalone.conf, na kilichoandikwa humo kwa kawaida ni -Xmx512m, yaani MB 512 tu. Kwenye mashine ya GB 8 yenye PostgreSQL humo humo mimi naweka 2g, mfumo mzito 3g. Usiipe yote. Java inatumia memori nyingine nje ya hiyo, na databesi inataka yake, na Linux yenyewe ikiona imebanwa inaua mchakato mkubwa kuliko yote, ambao utakuwa ni WildFly yako. Ikiuawa hivyo server.log haisemi kitu, mstari unakatika tu katikati, inabidi uangalie journalctl -k ndiyo utaona.

Ongeza pia -XX:+HeapDumpOnOutOfMemoryError, ila hakikisha diski ina nafasi maana lile faili linakuwa kubwa kama memori uliyotoa.

Umeme ukirudi WildFly inawaka ila mfumo haumo, lazima nije ofisini. Nifanyeje?

Angalia folda ya deployments. Pembeni ya .war yako kutakuwa na faili lenye jina lile lile likiishia na .failed. Mara nyingi ni kwamba vyote viwili vimewaka pamoja, WildFly ikaitafuta databesi kabla haijawa tayari. Kwenye faili la systemd ongeza After=postgresql.service. Kwa kurekebisha hapo hapo bila kuristati, tengeneza kwa touch faili tupu lenye jina la ile .war likiishia na .dodeploy na seva italichukua yenyewe.

Na kama standalone.xml imeharibika, kuna folda inaitwa standalone_xml_history hapo hapo ndani ya configuration, seva inatunza nakala za zamani humo. Imeniokoa zaidi ya mara moja.

Logi inasema saa tano na mimi nilikuwa saa nane, nani mkweli?

Wote. Kwanza logi inaandika saa za kizungu, 14:05 ni saa nane na dakika tano mchana. Pili kama seva ni ya kukodi nje huenda iko UTC, saa ya pamoja ya dunia, sisi tuko mbele masaa matatu, kwa hiyo itaandika 11:05. Hili si la logi tu. Muamala wa saa saba usiku tarehe 1 kwa UTC ni 22:00 ya tarehe ya jana yake, kwa hiyo unaangukia mwezi uliopita, na kazi ya kupiga riba uliyoipanga saa sita usiku inapigwa saa tisa. Weka timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam kabla hujaingiza muamala wa kwanza, kisha ristati seva.

HTTPS je?

Weka Nginx mbele, seva ya wavuti inayopokea watu na kuwapitisha kwa WildFly, na cheti cha bure cha Let's Encrypt, kinadumu siku 90 na certbot inakihuisha yenyewe. Kwenye WildFly washa proxy-address-forwarding, la sivyo kila aliyeingia ataonekana ametoka 127.0.0.1 na kumbukumbu zako za ukaguzi hazitakuwa na maana.

Lile tundu la Log4j la Desemba 2021 linatuhusu?

Log4j ni maktaba ya Java ya kuandika logi. WildFly ina mfumo wake wa logi, lakini mfumo wako unaweza kuwa umebeba log4j-core yake. Fungua .war kama zip, angalia WEB-INF/lib. Ukiona log4j-core ya 2 iliyo chini ya 2.17.1 mwambie developa abadilishe.

Bakapu mnafanyaje?

Kila usiku pg_dump, komandi ya kunakili databesi ya PostgreSQL, pamoja na nakala ya folda ya configuration na ile .war inayofanya kazi. Nakala moja inabaki ofisini kwenye mashine nyingine, moja imefungwa kwa pasiwedi na inatoka nje ya jengo. Mara moja kwa mwezi nairudisha kwenye laptopu, nawasha mfumo, nalinganisha salio la wanachama watano na daftari la mhasibu. Bakapu ambayo haijawahi kurudishwa mimi siihesabu.

Niapdeti lini?

WildFly inatoa toleo kubwa karibu kila miezi mitatu. Si lazima kila moja, ila usikae miaka. Fungua toleo jipya kwenye folda yake pembeni ya la zamani, pima kwa poti nyingine kwa -Djboss.socket.binding.port-offset=100, itawaka kwenye 8180, ukiridhika unabadilisha kile kiungo cha /opt/wildfly. Likikataa unakirudisha nyuma. Isiwe mwisho wa mwezi walimu wanapopata mishahara, na kwetu isiwe siku za mbalamwezi.

Nikikwama nikutumie nini?

Usinitumie picha ya skrini ya brauza ikisema 500. Nitumie kipande cha server.log kuanzia ERROR ya kwanza, sio ya mwisho, pamoja na mstari wa Caused by ulio chini kabisa, toleo la WildFly, toleo la Java, na kitu cha mwisho mlichobadilisha hata kama unaona hakihusiani. Futa pasiwedi na majina ya wanachama kabla ya kutuma.